Betri Tatu na Swali Ambalo Hatukuuliza



Katika toleo hili tunaomba nafasi ya kueleza jambo lililoanza kama swali la ufundi, tukalijibu kama mafundi, kisha likatugeukia. Sisi tunaoandika ni watatu, Watanzania wawili na Mkongomani mmoja wa Bukavu. Tunatengeneza redio, simu na chaja katika chumba cha chini cha jengo moja huku Berea, si mbali na Abel Road. Wenzetu wa Hillbrow na Yeoville wanatufahamu. Walio mbali, huko Muscat, London au Minneapolis, watuwazie hivi: ukisimama mlangoni petu ukainua macho unauona mnara wa Ponte, ule wa mviringo wenye ghorofa 54, na ukiteremsha macho unaona foleni ya watu walioshika chaja zilizoungua.

Chaja zilikuwa nyingi mwaka 2023. Wanaoishi Afrika Kusini hawahitaji kukumbushwa: nchi hii haijawahi kupata mgao wa umeme kama wa mwaka ule. Taa zilizimika kwa zamu za saa mbili au nne, mara kadhaa kwa siku, na kila uliporudi umeme ulirudi kwa kishindo na kuunguza vitu. Tunaona haya kusema hivyo, lakini giza la watu wengine lilitulisha.

Ndipo alipokuja mama mmoja wa ghorofa ya saba, mwenyeji wa Kigoma, muuzaji wa vitenge. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia, akatoa mfuko wa Rambo na kuweka vitu vyake mezani kimoja kimoja kama mtu anayepanga bidhaa. Waya mbili za fedha safi, urefu wa shubiri, zimeviringwa kwenye karatasi laini. Chupa ya maji ya betri aliyonunua kituo cha mafuta. Vibanio viwili vyenye meno. Na karatasi moja iliyotolewa nakala mara nyingi hata maandishi yake yamefifia.

"Wanangu," akasema, "nataka kutengeneza maji ya fedha. Karatasi inasema betri tatu za volti 9. Mwanangu anasema nitumie adapta ya kompyuta iliyokufa. Jirani ana betri ya gari. Nitumie ipi?"

Tulifurahi, na hatuwezi kuificha furaha hiyo kwa kuwa ndiyo iliyotuponza. Siku nzima mtu anakuletea simu iliyotumbukia chooni, halafu anatokea mmoja na swali la umeme wenyewe: volti, mkondo, muda. Tulivuta viti.

Kwa msomaji asiyeijua habari hii, maji ya fedha ni maji yaliyotiwa chembe ndogo mno za madini ya fedha kwa nguvu ya umeme. Unatumbukiza waya mbili za fedha katika maji yasiyo na chumvi, unaziunganisha na umeme wa DC, yaani wa aina ya betri, na waya ya upande wa chanya inaanza kujimumunya. Wako wanaoyanywa kwa kuamini kwamba yanaua kila kijidudu, kuanzia mafua hadi magonjwa makubwa. Wanaoyatengeneza nyumbani hubishana sana kuhusu chanzo cha umeme, na ubishi wao una msingi.

Tulimweleza hivi. Adapta ya ukutani ina sifa ya kutochoka, na ubaya wake ni huo huo. Maji safi mwanzoni hayapitishi umeme vizuri, kwa hiyo mkondo huanza mdogo sana. Fedha ikishaingia majini, maji hupitisha zaidi. Yakipitisha zaidi, fedha huingia kwa kasi zaidi, na mkondo unapanda wenyewe kama gari lililoachiwa mteremkoni. Adapta yenye uwezo wa ampea moja haitaushika mkono mkondo huo. Inautazama tu ukipanda, hata maji yageuke kijivu. Tena adapta za bei ya chini zinazouzwa mitaani, tumezifungua nyingi, na ndani yake tumekuta pengo kati ya volti 230 za ukutani na waya zinazokwenda kwa mtumiaji likiwa jembamba kama ukucha. Kitu kama hicho hukiungi na glasi ya maji ambayo mtu ataishika kwa mkono. Halafu kuna mgao. Umeme umekatika, mama amelala, akiamini mtambo umezimika. Saa nane za usiku umeme unarudi, mtambo unaendelea na kazi hadi alfajiri, na hakuna anayejua maji yale yamekula kiasi gani.

Betri ya gari ina volti 12, ni kidogo kwa maji safi, lakini ikigusanishwa ncha kwa ncha inaweza kuyeyusha kibanio na kuunguza kidole. Chaja ya simu ina volti 5, utakesha. Betri tatu za volti 9 zikipachikwa chanya ya moja kwenye hasi ya nyingine hutoa volti 27, hazina uhusiano wowote na ukuta, na ukiongeza rezista ndogo njiani mkondo haupandi kupita unapotaka. Tulimshauri betri. Tulimuuzia rezista kwa randi mbili. Mmoja wetu, tena kwa kujivuna, alimwandikia nyuma ya ile karatasi hesabu ya muda.

Hesabu yenyewe ni nzuri, na msomaji atuvumilie tuitaje. Fedha na umeme ni ndugu wa muda mrefu. Tangu mwaka 1893 mpaka 1948 ampea yenyewe, kipimo cha mkondo duniani kote, ilifafanuliwa kwa fedha: ampea moja ni ule mkondo unaotenga miligramu 1.118 za fedha kwa sekunde kutoka katika mmumunyo wake. Kwa hiyo miliampea moja, ikiachwa saa nzima, huhamisha takriban miligramu 4. Ukitaka kujua fedha iliyotoka, huna haja ya kuuliza umeme umetoka betri, ukuta au jua. Uliza mkondo na muda. Swali la mama lilikuwa "ipi?", na jibu la fizikia lilikuwa "kiasi gani?" Hapo tulikuwa karibu kabisa na mlango, na hatukubisha hodi.

Alishukuru, akakohoa kidogo akiwa amegeuza uso pembeni kwa adabu, akapanda ngazi kwa kuwa lifti haikuwa na umeme.

Wiki moja hivi baadaye mwanawe alipita kununua kebo. Tukamuuliza mtambo unakwendaje. Akasema vizuri, mama anakunywa glasi asubuhi na glasi jioni, ila kikohozi hakijaisha, na usiku anatokwa jasho mpaka shuka linalowa. Tukauliza kikohozi kina muda gani. Akasema tangu kabla ya Krismasi. Ilikuwa Machi.

Usiku ule tulibishana, na ubishi wetu ndio tunaotaka kuwashirikisha wasomaji.

Mmoja wetu alisema hatuna kosa. Fundi anaulizwa la ufundi. Muuza kamba haulizi kamba itafunga mbuzi au nini. Mtu akileta pasi hatumuulizi nguo zake ni za wizi au za halali. Na mama ni mtu mzima, amesafiri peke yake kutoka Kigoma hadi hapa kwa mabasi ya nchi nne, hahitaji vijana watatu wa kumchunga. Tena, akasema, kama tungemkatalia angetumia adapta, na huenda sasa tungekuwa tunachangishana kwa ajili ya mazishi. Jibu letu lilimwondolea hatari moja.

Hoja hiyo ina uzito kuliko inavyoonekana. Tuliwakumbuka madereva wa Loliondo. Wasomaji wa nyumbani hawajasahau mwaka 2011, Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, Babu, alipokuwa akigawa kikombe cha dawa kijijini Samunge kwa shilingi 500. Magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi porini. Wako wagonjwa waliofia njiani, na wako walioacha dawa za UKIMWI wakidhani wameshapona. Babu mwenyewe alifariki mwaka 2021 na hatutaki kumhukumu marehemu. Tunawafikiria madereva. Abiria alimuuliza dereva mambo mawili, nauli na hali ya barabara, na dereva mwaminifu alimjibu yote mawili kwa ukweli: nauli ni kiasi hiki, barabara ni mbaya, chukua maji na blanketi. Dereva huyo amekosa nini? Alitoa jibu la kweli, tena la kusaidia. Ila alikuwa na mgonjwa mahututi kwenye kiti cha nyuma kwa saa kumi na zaidi, na katika saa zote hizo hakuna aliyekuwa karibu zaidi na mgonjwa yule kuliko yeye.

Tukaanza kusoma, jambo ambalo tungelifanya kabla ya kuchora hesabu kwenye karatasi ya mtu. Ni haki tuseme kwanza upande wa fedha. Fedha inaua bakteria kweli, wala huo si uzushi. Hospitali hutumia krimu yenye fedha kwa vidonda vya moto tangu miaka ya 1960. Kwa miongo mingi watoto wachanga walidondoshewa machoni matone ya nitreti ya fedha wasipofuke. Hata hapa Afrika Kusini, katika jimbo la Limpopo, wafinyanzi wamefundishwa kutengeneza vichujio vya udongo vilivyotiwa fedha, maji yakipita humo vijidudu vinakufa. Kwa hiyo aliyeiandika ile karatasi ya mama hakutunga kila kitu. Aliuchukua ukweli wa kidonda na wa mtungi, akaupeleka tumboni na mapafuni, ambako hakuna aliyeuthibitisha. Mwaka 1999 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliamua kwamba dawa za madukani zenye fedha ya namna hii hazitambuliki kuwa salama wala kuwa na nguvu ya kutibu ugonjwa wowote. Mwaka 2020, wakati wa Korona, ilibidi iwaonye tena wauzaji.

Na fedha ikinywewa haitoki yote. Inakaa katika ngozi, na kwa nguvu ya jua inageuza ngozi rangi ya kijivu na buluu. Madaktari wanaiita ajiria, nayo kwa kawaida haifutiki. Stan Jones, aliyegombea useneta katika jimbo la Montana mwaka 2002, aliingia kwenye kampeni akiwa na uso wa namna hiyo. Alianza kujitengenezea maji ya fedha nyumbani mwaka 1999 kwa kuogopa kwamba kompyuta za dunia zitaanguka mwaka 2000 na dawa zitakosekana. Paul Karason, Mmarekani mwingine aliyefariki mwaka 2013, alikuwa wa buluu kabisa, na mtambo wake ulikuwa wa nyumbani vilevile. Wazee wetu walisema fedha fedheha, wakimaanisha pesa. Sijui kama waliwahi kumwona mtu aliyevaa fedheha hiyo usoni.

Tukarudi kwenye hesabu yetu. Wataalamu wa mazingira wa Marekani waliweka kiwango cha mikrogramu 5 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Kwa mama wa kilo 60 hiyo ni sehemu 3 za kumi ya miligramu. Kwa muda tuliomwandikia, kila glasi ilikuwa na miligramu 4 hivi, na yeye alikuwa akinywa mbili. Shirika la Afya Duniani linataja gramu 10 kwa maisha yote kama kiasi ambacho mtu anaweza kukipokea bila kuonekana madhara. Sasa chukua betri ya volti 9, kidude cha kutia kwenye kengele ya moshi, kitu ambacho mtoto hukigusa kwa ulimi kuona kama kizima. Ina chaji ya miliampea 500 hivi kwa saa. Zidisha. Seti moja ya betri tatu, ikitumika hadi kufa, inaweza kuvuta hadi gramu 2 za fedha kutoka katika waya. Betri zile tulizozisifu kwa upole wake! Ni kweli hazingemuua mama kwa umeme. Tulikuwa tumemchagulia mwendo wa pole kuelekea asikotakiwa kwenda.

Na hata hiyo si ndiyo iliyotukosesha usingizi. Rangi ya ngozi ni jambo la miaka. Kikohozi cha miezi mitatu na jasho la usiku ni jambo la wiki, na kila anayeishi katika vyumba vyetu vya Berea, watu sita kwenye chumba, pazia katikati, anajua kinaweza kuitwa nini.

Mwenzetu wa pili alitoa pendekezo ambalo tulikaribia kulikubali. Tumwambie uongo mdogo. Tumwambie tumegundua waya zake si fedha safi, au maji ya kituo cha mafuta yana sumu, au betri za mtaa huu hazina nguvu inayotakiwa. Ataacha, hatutamwaibisha, hatutabishana naye juu ya imani yake. Sisi mafundi tuna uwezo huo, mteja hana mita. Neno letu moja linaweza kuua kifaa kizima.

Hapo ndipo tulipoitaja Olivia Road. Barabara hiyo imo humu humu Berea, na kesi yake imesomwa katika vyuo vya sheria duniani. Halmashauri ya jiji ilitaka kuwaondoa zaidi ya watu 400 waliokuwa wakiishi katika majengo mawili mabovu, moja likiwa namba 51 Olivia Road. Sababu ya jiji ilikuwa usalama: majengo yanaweza kuungua, hayana maji wala vyoo vya maana, watu watakufa. Na jiji halikuongopa kuhusu majengo. Lakini Februari 2008 Mahakama ya Katiba ilisema kwamba hata ukiwa na haki juu ya hatari, huwezi kuanza kwa kumwondoa mtu. Ni lazima ukae naye mzungumze kwa dhati: akitoka hapa ataishi wapi, na wakati bado yupo nini kifanyike asidhurike. Na mahakama ilipowaamuru wakae mezani, mambo yalipatikana ambayo hayakuwemo katika amri ya kuhamisha: vyoo, usafi, vizima moto, na makazi mengine ya kuhamia.

Tuliona kwamba uongo wetu ungekuwa amri ya kuhamisha. Tungemtoa mama kwenye maji yake ya fedha bila kuuliza aliingiaje humo na akitoka atakwenda wapi. Na jibu letu la kwanza, lile la kweli tupu la betri na rezista, lilikuwa na ndugu yake wa karibu katika uongo huu. Yote mawili yalitumaliziana na mama haraka. Moja lingemfukuza na lingine lilimhudumia, lakini hakuna hata moja lililompa kiti.

Basi tukapanda ghorofa ya saba, watatu, na mkate na maziwa, kama watu wanaokwenda kumjulia mgonjwa hali. Alitupokea vizuri. Mtambo ulikuwa juu ya friji, umefunikwa kwa kitambaa cha kufumwa. Tulimweleza yote tuliyoyasoma, pamoja na hesabu, na tukamwambia wazi kwamba hesabu ya kwanza tuliyomwandikia ilikuwa sahihi ila hatukupaswa kumpa kama tulivyompa. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema maneno ambayo tangu siku ile tumekuwa tukiyarudia wenyewe kwa wenyewe:

"Wanangu, mliniuliza nataka volti ngapi. Hamkuniuliza naumwa nini. Nikadhani mnajua, na mmeona inafaa."

Tulidhani kunyamaza ni kutoingilia. Yeye aliuona ukimya wetu kama mhuri. Mtu anayejua umeme, ambaye kila mtu mtaani anamsikiliza, amekaa na kifaa chako nusu saa, amekuchorea na hesabu, hajasema neno juu ya kunywa: si amekubali? Yule mwenzetu wa kwanza aliyesema fundi hujibu la ufundi tu hakuwa amehesabu kwamba jibu letu lilibeba jina letu. Sidhani kwamba fundi ana wajibu wa kumhoji kila mteja kama polisi. Pasi tutaendelea kuitengeneza bila kuuliza nguo ni za nani. Lakini kifaa kinachotengenezwa ili kitu kiingie katika mwili wa mtu, na huyo mtu anakohoa mbele yako, hapo swali la ufundi halijakatika kutoka kwa mwenyewe. Waya ya chanya iko katika glasi na glasi iko mkononi mwake.

Tukamuuliza basi, kwa kuchelewa, kwa nini hakwenda kliniki. Akasema alikwenda, Januari. Mlangoni alikuta watu ambao hawakuwa wauguzi, wakaangalia pasipoti yake, wakamwambia arudi akatibiwe kwao. Hakugombana. Alirudi nyumbani, na mwanamke mmoja sokoni akampa ile karatasi.

Kliniki hatuitaji, na si lengo letu hapa kushtaki. Kwa faida ya wasomaji tuseme tu kwamba Katiba ya Afrika Kusini, kifungu cha 27, inampa kila mtu haki ya kupata huduma za afya, neno lililotumika ni kila mtu, na inakataza mtu yeyote kunyimwa matibabu ya dharura. Novemba 2025 Mahakama Kuu mjini Johannesburg ilitoa amri ya kuwazuia watu binafsi kuwadai wageni vitambulisho na kuwafungia milango ya hospitali na kliniki. Ilichelewa kwa mama, lakini ipo, na asiyejua aijue.

Basi chanzo cha umeme cha mtambo ule hakikuwa betri. Ulisukumwa na lango lile. Kama tungemkatalia betri, tungemdanganya kuhusu waya, au hata tungemshawishi kwa vitabu vyote vya dunia, lango lingebaki pale pale na kikohozi pale pale. Watu wanapenda kusema wageni na maskini hukimbilia dawa za ajabu kwa ujinga. Mama huyu alinunua fedha ya asilimia 99.9, akatafuta maji safi, akaja kuuliza wataalamu kabla ya kuwasha. Wangapi kati yetu wanasoma karatasi ya dawa kwa makini kama yake?

Siku ya Jumatatu tulifunga duka na kwenda naye alfajiri, kliniki nyingine, mmoja mbele, wawili nyuma. Sitaki kulifanya jambo hili la kishujaa: tulikuwa tukiogopa sana, na mmoja wetu kibali chake kilikuwa kimebakiza siku tisa. Mlangoni siku ile hapakuwa na mtu. Muuguzi alisema "sanibonani", akampa kikopo cha makohozi, tukasubiri kwenye benchi tukila maandazi aliyoyabeba mwenyewe. Majibu yalikuwa kifua kikuu, cha aina ya kawaida, kinachosikia dawa. Vidonge vya miezi sita, bure.

Aliyaacha maji ya fedha? Hapana, si mara moja. Mwezi wa kwanza alikuwa akimeza vidonge asubuhi na glasi ya fedha jioni, akitusimulia bila kuficha. Hapo tulibishana tena. Mwenzetu wa pili alitaka tuuchukue mtambo. Tulikubaliana tumwombe mambo mawili: amwambie muuguzi, na apunguze muda wa kuwasha. Mtu hawezi kusema tulishinda. Muuguzi alimgombeza kidogo, mama akacheka, na sisi tulibaki tukihesabu miligramu kimoyomoyo kila tulipokutana naye kwenye ngazi.

Wateja wa maji ya fedha wamekuja wengine wawili tangu wakati huo. Wa kwanza tulimpa kiti tukamuuliza anaumwa nini, akakasirika, akasema yeye amekuja kwa mafundi na si kwa madaktari, akaondoka. Adapta alikuwa nayo mfukoni. Mpaka leo hatujui kama tulimkosea. Wa pili alikaa.

Septemba ile mama alimaliza vidonge vyake. Aliteremka na mfuko uleule wa Rambo. Waya alisema atampelekea sonara amtengenezee mjukuu herini, zile zilizobaki, kwa sababu moja ilikuwa imelika hadi kuwa nyembamba kama sindano. Betri tatu alituachia. Tulizipima mbele yake: mbili zilikuwa zimekwisha, ya tatu ilisoma volti 7.8. Tuliitia kwenye mita yetu, na mita ikawaka.